Nilimfuta mzee kwenye picha nikasahau kivuli chake

Kwa miaka kama sita hivi nilikuwa na ugonjwa mmoja ambao wapiga picha za mandhari wengi wanao ila hawausemi, ugonjwa wa kungoja watu watoke. Unafika mahali giza bado lipo, umebeba tripodi, ile miguu mitatu ya kusimamishia kamera, na begi linalokuvunja mgongo, ukungu umelala bondeni vizuri kabisa, unapanga fremu yako, unashusha pumzi, halafu huyo, anatokea mtu. Na anatembea taratibu kweli, yani kama vile ametumwa aje akuharibie siku. Unakaa na kidole kwenye kitufe unamngoja apite, akipita anatokea mwingine na mbuzi wake, na mbuzi nao si unawajua, hawana haraka na mtu. Kama hawaishi unapiga hivohivo, utamalizana nao nyumbani kwenye kompyuta.

Na kwenye kumalizana nao nilikuwa fundi, sijisifu. Watu, nyaya za umeme, nguzo, bati linalong'aa, hata njia ya miguu niliwahi kuifuta nikaweka majani juu yake, nikaona nimesafisha. Ungeniuliza wakati ule ningekwambia napiga picha za asili, na ningelisema hilo neno asili kwa sauti ya mtu anayejua anachosema.

Sasa kuna mlima mmoja nilikuwa nimeuona kwa mbali siku nyingi. Upande unaotazama mashariki umekaushwa na jua, majani rangi ya mchanga juu mpaka chini, ila katikati pana ukanda wa kijani umeukata kwa ulalo, mwembamba, unafuata mikunjo ya mlima kama mtu kavuta mstari kwa mkono uliotulia. Juu ya mstari pakavu, chini yake kijani kinamwagikia bondeni. Nilirudi pale mara tatu kwa ajili ya mwanga tu, mara mbili mawingu yakanirudisha. Nilikuwa nasimama ng'ambo ya bonde na lenzi ndefu ya kuvuta vya mbali, 70-200, nimeivuta mpaka mwisho wake, tundu la mwanga nimelibana f/11, ISO 100, yani wepesi wa kamera kuhisi mwanga nimeuacha chini, kila kitu kimekaa.

Mara ya tatu jua likatoka safi. Lile jua la kwanza la pembeni, linalochora kila tuta na kila jiwe, halikai, dakika kumi na tano ukizubaa limeshapanda na mlima unakuwa bapa kama karatasi. Na hapohapo akatokea mzee na jembe begani, na alipokuwa anatembea ni juu ya mstari wangu, juu yake kabisa, sio pembeni. Anakwenda hatua kumi anasimama, anainama, anachimbachimba, ananyanyuka, anakwenda tena. Nikamngoja. Nikaangalia saa, nikaangalia jua, nikamngoja tena, moyoni nikamsema maneno ambayo mtu mzima hasemwi. Mwisho nikapiga naye ndani, fremu kama ishirini hivi, nikajua nyumbani ni kazi ya dakika tano.

Alishuka akapita niliposimama. Nikamwamkia, akaitika, akaiangalia ile tripodi akaizunguka kidogo.

"Unapima?"

"Hapana mzee, sipimi, napiga picha tu."

"Picha ya nini?"

"Ya mlima."

Akageuka akautazama ule mlima kama vile ndo kwanza anauona. "Haya," akasema, "utaniletea basi na mimi niione." Nikamwambia nitakuletea mzee, bila shaka.

Nikampelekea kweli, baada ya kama miezi miwili, hilo najipa sifa kwa sababu ahadi za namna hiyo wengi tunazitoa na hatuzitimizi. Nimeichapisha kwenye karatasi ya A3, rangi zimetoka vizuri, ukanda wa kijani unawaka, mlima mtupu, hakuna kiumbe. Nikamkuta kakaa. Akajifuta mikono kwenye suruali, akaishika karatasi kwenye pembe zake, akaisogeza karibu na macho. Kidole chake kikaanza kutembea juu ya ule mstari, hakiigusi karatasi, kinaelea tu. Hapa kwenye jiwe kubwa. Hapa pana kona, maji hupenda kutoboka hapa. Hapa palikuwa na mti ukakatika. Hapa nilikuwepo mimi.

Kidole kikasimama.

"Mbona sipo?"

Nikadanganya. Nikasema ulikuwa umeshapita mzee. Sijui kwa nini nilidanganya, nadhani aibu ilitangulia kufika kabla ya akili. Yeye akainama zaidi, akatazama muda, halafu akauliza bila hasira kabisa, kama mtu anayetaka kujua tu: "Na hiki kivuli cha nani?"

Nikaangalia. Jua la asubuhi likiwa chini namna ile kivuli cha mtu kinarefuka mara mbili tatu ya mtu mwenyewe. Kwenye karatasi ile mzee angekuwa na kimo cha sentimita moja tu, nilimfuta yeye na nikafuta kivuli cha miguu na tumbo, ile ncha nikaisahau. Kilikuwepo pale juu ya majani makavu, kichwa na mpini wa jembe, hakina mwenyewe. Kwenye kioo cha kompyuta nilikipita mara mia sikukiona.

Akacheka. Alicheka mpaka akakohoa, akaniita mchawi. Mimi nilitamani ardhi ipasuke. Alipomaliza kucheka akachukua jembe lake akasema twende, na mimi nikamfuata maana ningesema nini.

Tulipanda kama saa nzima mpaka kwenye chanzo, kijito kinachotoka kwenye mawe. Pale ndo pameanzia ule "mstari" wangu. Ni mfereji. Upana wake unaruka hata mtoto, kina hakifiki magotini, umechimbwa kwa mikono kufuata mlima ili maji yateremke polepole bila kukimbia, ukiuinamisha zaidi kidogo tu maji yanakula udongo, ukiulaza zaidi yanasimama na kuacha tope. Siku ile ulikuwa umeziba. Mzee akapiga magoti, jembe akaliweka pembeni, akatumia vidole. Akatoa majani yaliyolowa yakashikana kama mkeka, akatoa vijiti, akatoa jiwe la saizi ya ngumi, akalipindua akalirudisha kwa upande mwingine kwenye ukingo likakaa. Maji yakaja na rangi ya udongo, yakapiga kelele kidogo, kisha yakanyamaza na kuanza kwenda. Tukatembea nayo, yani sawa na mwendo wa maji, anasimama yanaposimama. Akaniambia anafanya hivi karibu kila siku, na kabla yake alifanya baba yake. Halafu akanionyesha kwa kidevu ule upande wa kijani chini yetu akasema, "Pale ukipaona pamekauka ujue naumwa."

Kwa hiyo ule uzuri niliofunga safari tatu kuufuata, yule niliyemwona kaja kuuharibu ndo alikuwa anautengeneza, na alikuwa anautengeneza mbele ya lenzi yangu nikimngoja amalize atoke. Jamani.

Niliporudi sikupiga picha kwa wiki kadhaa. Nikaanza kuangalia upya zile picha zilizonifundisha hii kazi, maana hii tabia ya mlima mtupu sikuianzisha mimi, niliikuta. Ukitafuta mizizi yake utafika bonde la Yosemite kule California, Marekani. Mpiga picha Carleton Watkins alipanda pale mwaka 1861 na nyumbu wamebeba kamera kubwa ajabu ya kutumia vioo, kila kioo kama inchi 18 kwa 22, na picha zake zikawafikia wakubwa wa mashariki ya Marekani ambao wengi wao hawajawahi kukanyaga huko. Mwaka 1864 Rais Lincoln akasaini sheria ya kulilinda bonde lile, na picha hizo hutajwa miongoni mwa vitu vilivyosaidia. Mpaka hapo ni habari nzuri, picha imelinda mlima, na kila mpiga picha anapenda kuisimulia. Kipande kinachorukwa ni kwamba mwaka 1851, miaka kumi tu kabla ya Watkins kufika, kikosi cha wanamgambo kiliingia bondeni humo kuwatoa wenyeji wake, Waahwahneechee. Na zile mbuga zilizo wazi chini ya majabali, zile ambazo kila mpiga picha anazitumia kuweka mbele ya fremu ili jicho lipate pa kuingilia, wenyeji walikuwa wanazichoma moto kwa mpango ili miti isizibe na mialoni ipate nafasi. Moto ulipokatazwa misonobari ikaanza kuvamia. Nilisoma hilo nikamkumbuka mzee na jiwe lake. Hata pale kuna kivuli kimebaki kwenye majani, ukijua pa kuangalia.

Sisemi Watkins alikuwa mtu mbaya, wala Ansel Adams, mpiga picha Mmarekani aliyekuja baadaye na milima yake ya nyeusi na nyeupe ambayo mpaka leo ukiiona unanyamaza. Tena huyo Adams picha yake ambayo mimi naipenda kuliko zote ina watu, au tuseme ina alama zao. Mwaka 1941 alikuwa anaendesha gari New Mexico jioni, akaona mwezi umepanda juu ya kijiji cha Hernandez, kanisa dogo, makaburi, misalaba imeshikwa na jua la mwisho. Kipimo cha mwanga hakukiona kilipo, akakadiria kwa kutumia ung'avu wa mwezi aliokuwa anaujua kichwani, akapiga moja, kabla hajageuza kishikio cha filamu apige ya pili jua likawa limeshaondoka kwenye misalaba. Watu wanasimulia hiyo kwa sababu ya ufundi wake, sawa, lakini toa ile misalaba na vijumba uone kama utabaki na kitu zaidi ya mwezi na jangwa.

Halafu kuna maonyesho ya mwaka 1975 pale George Eastman House, jumba la makumbusho ya picha mjini Rochester, New York, yaliyopewa jina la New Topographics. Wapiga picha kumi, Wamarekani nane na wanandoa wa Kijerumani, Bernd na Hilla Becher, wakaweka ukutani picha za mandhari iliyobadilishwa na binadamu, yani nyumba mpya zimejipanga jangwani, maegesho ya magari, majengo ya viwanda. Robert Adams, ambaye hana undugu na yule mwingine, alikuwa na nyumba zake za Colorado, mlima uko nyuma palepale na mwanga uleule mzuri, mbele kuna vibanda vimefanana kama meno. Mimi mara ya kwanza niliziona zinachosha, kusema kweli. Nilipozirudia baada ya mambo ya mfereji nikakaa nazo usiku kucha.

Ila somo likiingia vibaya nalo ni tabu. Nilitoka kwenye kufuta watu nikaingia kwenye kuwapachika. Nikawa nampeleka rafiki yangu na koti jekundu, naye ana roho nzuri sana, namsimamisha kwenye mwamba, mgongo kwangu, uso kwenye bonde, mikono imelegea, "usigeuke, usigeuke, tulia." Laiki zilikuja kweli. Picha ile Mjerumani Caspar David Friedrich alishaichora karibu mwaka 1818, bwana kasimama juu ya mwamba na bahari ya ukungu chini yake, na sisi tumeipiga tena na tena mpaka imechakaa. Kilichonikera nilipoziweka zote pamoja ni kwamba mtu wa koti jekundu hafanyi kitu. Anatazama tu, kama vile bonde lote limewekwa pale kwa ajili yake. Mzee yeye kwenye fremu zangu zote ishirini hakuna hata moja anayotazama mandhari. Anaangalia maji, anaangalia mikono. Tangu hapo hicho ndo ninachokitafuta kwanza, macho ya mtu yako wapi, na ukiwa makini utaona wanaoishi na mahali hawapatazami kama sisi tunavyopatazama, wanapashika.

Kiufundi imenibidi nijifunze upya, kwa sababu mlima hauna haraka na mtu anayo. Zamani nilikuwa nafungua shata, lile pazia la kamera linaloruhusu mwanga kuingia, hata nusu sekunde, nani anajali, mwamba haukimbii. Mtu akitembea ukimpiga nusu sekunde unapata moshi wenye miguu. Sasa nafungua tundu mpaka f/8, napandisha ISO hadi 400 au 800, natafuta shata ya 1/250 ya sekunde kwa anayetembea, na mtu wa jembe anataka zaidi ya hapo, ile ncha ya jembe ina kasi kuliko unavyofikiri. Chenga kidogo kwenye kivuli, zile punje zinazoletwa na ISO kubwa, sijali tena, kuna wakati ningeona ni dhambi. Lenzi pana nayo nimepunguza kuitumia, inapanua vilivyo karibu na kuufanya mlima wa nyuma kichuguu, wakati ukirudi nyuma mbali na ukatumia lenzi ndefu mtu na mlima wanakaa kwa uwiano ambao macho yanauamini. Saizi ya mtu ndani ya picha ndo imenisumbua zaidi. Akiwa mkubwa sana picha inakuwa ya kwake na mlima unageuka pazia, akiwa mdogo sana ni nukta, watu wanadhani ni uchafu ulioingia ndani ya kamera. Sina kanuni. Napiga nyingi nachapisha ndogondogo nazibandika ukutani, naangalia baada ya siku tatu jicho langu linaenda wapi kwanza.

Kuomba ruhusa pia, hilo nilikuwa nalipuuza kwa kisingizio kwamba mtu yuko mbali haonekani sura. Siku hizi naenda kwanza naongea, mwanga ukipotea upotee. Mama mmoja alinikatalia kabisa, hakueleza sababu na mimi sikuomba sababu, nikafunga begi. Wengine wakishakubali wanasimama wima wanatabasamu, hapo ndo unatakiwa ukae tu, upige zile za kutabasamu kwa heshima, uendelee kukaa, mpaka kazi yao iwaite na wakusahau.

Na kuna hili la mwisho ambalo bado linaniuma. Niliwahi kupiga chemchemi ndogo na maua ya manjano pande zote, nikaiweka mtandaoni na kuelekeza mahali penyewe kabisa, mpaka pa kuacha gari. Niliporudi msimu uliofuata pana duara la udongo mtupu, limekanyagwa likawa gumu kama sakafu, na maua yako nje ya duara. Niliposimama nikagundua duara liko palepale nilipoweka tripodi. Kila aliyekuja alikuja kusimama miguuni kwangu apige ileile. Yale yaliyotokea Walker Canyon karibu na Lake Elsinore, California, mwezi Machi 2019, maua yamechanua mlima mzima, picha zikasambaa, watu wakajaa mpaka mji ukazidiwa na njia zikafungwa, nilikuwa nimeyasoma nikawacheka. Sasa sitaji mahali, na ndo maana hata huo mlima wa mzee hamtausikia jina.

Mwezi uliopita nilishusha diski zangu za zamani nikaanza kutafuta faili za mwanzo, kabla sijafuta. Nyingi sinazo. Nilikuwa na tabia ya kusevu juu ya ileile, kwa hiyo wachunga mbuzi wangu, watoto wa njiani, yule dada wa ndoo mbili, wameenda moja kwa moja. Za siku ile ya mfereji zipo, sijui kwa bahati gani. Fremu ya kumi na moja mzee ameinama, jembe liko juu, jua limemshika mgongoni, sura haionekani kabisa. Nimeichapisha A3 ileile, kivuli chote nimekiacha. Iko hapa imeviringishwa, nangoja mvua zipungue nipande nayo.